Jumapili ya Farasi: Vaa Upendavyo, Lakini Nauli Mwachie Mama

Kama umewahi kupanda matatu ya Ngong Road siku ya Jumapili mchana, huenda umeliona jambo hili. Gari linapita Dagoretti Corner, linasonga mbele kidogo, makanga anagonga bodi na kuita "Racecourse, shukeni!" Anashuka msichana mwenye kofia pana kama sinia, mkono mmoja umeishika kofia isichukuliwe na upepo, akifuatwa na kijana aliyefunga tai utadhani anakwenda kuchumbia. Abiria waliobaki hutazamana. Mmoja atasema ni harusi. Mwingine atasema hapana, hao wanakwenda kwa farasi. Hapo mazungumzo huishia, kwa sababu wengi wetu tumelipita lango lile miaka nenda miaka rudi bila kujua ndani kuna nini.

Wapo walioniuliza mara kwa mara kama mahali pale ni pa watu kama sisi, au kama ni pa Wazungu wa Karen na matajiri wenye mashamba. Swali hilo halikutoka hewani. Mbio za farasi zililetwa mjini Nairobi na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mji wenyewe ulikuwa mabati na matope kando ya reli. Uwanja wa kwanza haukuwa Ngong. Ulikuwa upande wa pili wa mji, na ushahidi wake unaukanyaga kila unapokwenda Kariokor: ile barabara iitwayo Race Course Road haikupewa jina hilo kwa mapambo. (Kariokor nayo, kwa wanafunzi wasiojua, ni jina la kikosi cha wapagazi cha Vita Vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, lililosagwa na ndimi zetu mpaka likawa letu.) Mnamo 1954 mbio zikahamishiwa Ngong Road, na huko ndiko ziliko hadi leo chini ya Jockey Club of Kenya.

Enzi hizo za ukoloni Mwafrika alikuwepo uwanjani, ila alikuwepo kama saisi, mpishi au mfagizi. Kukaa jukwaani na kuvua kofia kusalimia marafiki ilikuwa kazi ya wengine. Kwa hiyo mzee wako akikwambia kwamba "hayo si mambo yetu", usimcheke, anakumbuka alichokiona. Lakini hayo yamepita, na siku hizi lango linamtaka kila mtu kiingilio tu. Ukiingia leo utakuta Wahindi wa Parklands na jamaa zao wote hadi nyanya, vijana wa vyuo vikuu waliochanga nauli, akina mama wa chama waliovaa kitenge sare, na Wazungu wachache wazee wenye darubini ambao wanawajua farasi kwa majina ya mama zao.

Sasa sikiliza hesabu moja ambayo wageni huwashangaza. Mbio za mita 1,200 huchukua dakika moja na sekunde chache. Zile ndefu za mita 2,400, kama Kenya Derby inayokimbiwa na farasi wenye umri wa miaka mitatu, huchukua kama dakika mbili na nusu. Tuseme siku hiyo kuna mbio 8. Jumlisha zote na utapata kama robo saa tu ya farasi kukimbia. Na wewe umekaa pale kuanzia mchana mpaka jua linaanza kuteremka kuelekea milima ya Ngong! Basi zile saa nyingine zote ni za nini? Ni za kutembea, kula, kutazamana, kusalimiana na kuweka dau. Ndiyo maana mavazi yakawa jambo kubwa katika mchezo huu kuliko katika mpira. Katika mpira macho yako hayana nafasi ya kutazama kofia ya mtu kwa dakika 90. Kwa farasi, kila baada ya mbio una nusu saa nzima ya kujua nani amevaa nini.

Waingereza ndio waliolifanya jambo hili kuwa sheria. Uwanja wao wa Ascot ulianzishwa na Malkia Anne mnamo 1711, na katika ile sehemu maalumu iitwayo Royal Enclosure mwanamume havai suti ya kawaida: ni koti refu la mkia na kofia ndefu. Mwanamke naye hupimwa hata ukanda wa bega la gauni lake. Tangu 2012 vile vikofia vidogo vya manyoya vinavyobanwa nyweleni vimepigwa marufuku katika sehemu hiyo. Kama si kofia kamili, basi kiwe na kitako kisichopungua inchi nne. Inchi nne! Hebu fikiria askari wa lango mwenye rula.

Kule Australia, ambako Melbourne Cup imekimbiwa tangu 1861 na mji mzima hupewa likizo siku hiyo ya Jumanne ya kwanza ya Novemba, kulitokea kisa mnamo 1965 ambacho kinasimuliwa hata sasa. Mwanamitindo wa Kiingereza, Jean Shrimpton, alialikwa kuhudhuria mbio za Derby za wiki hiyo. Akafika na gauni jeupe lililoishia juu ya magoti, bila kofia, bila glavu, bila soksi ndefu. Kina mama waliojifunga kwa kamba za heshima tangu asubuhi walikaribia kuzimia. Magazeti yaliandika juu ya magoti yake kuliko yalivyoandika juu ya farasi. Lakini baada ya muda si mrefu gauni fupi lilikuwa limeenea kote nchini humo, na waliomlaani wakawa wanawashonea binti zao.

Karibu nasi zaidi kuna Durban July ya Afrika Kusini, iliyoanza 1897. Huko kila mwaka hutangazwa wazo la mavazi, na mafundi wa kushona wa Durban na Soweto hushindana kama vile wao ndio farasi. Weusi waliokuwa wakitengwa na ubaguzi wa rangi leo ndio wanaotawala siku ile kwa urembo, na ukiniuliza mimi, wanavaa vizuri kuliko Ascot.

Sasa Ngong, msomaji wangu, Jumapili ya kawaida hakuna atakayekupima kofia. Kwa hiyo usiende kukopa. Nimewaona vijana wakihangaika wiki nzima kutafuta kofia ya Kizungu, na nyumbani mama ana kilemba cha kitenge ambacho kingemfanya kila mtu ageuke. Gauni ulilovaa harusini mwezi uliopita linatosha. Kwa wale wasio na la harusi, Gikomba ipo, na mtu mwenye jicho hutoka huko na koti la mwanamume lililoshonwa kwa mkono Italia kwa bei ya kilo chache za nyama. Lipeleke kwa fundi wa mtaani akupunguzie mikono, lipige pasi, na hakuna atakayejua ila wewe na fundi.

Ila viatu, nakusihi. Kule ni nyasi. Kisigino chembamba kinazama ardhini kama msumari, na dada zetu wengi huishia kutembea kwa vidole, uso umekunjamana, mpaka urembo wote unapotea. Vaa kiatu bapa au chenye kisigino kipana. Kofia iwe na kamba au pini, kwa sababu upepo wa upande ule hauna adabu. Na kama ni Juni au Julai, chukua sweta hata kama jua limewaka asubuhi. Nairobi ya mwezi wa saba unaijua.

Ukishafika, usikimbilie jukwaani kuketi. Nenda kwenye ua mdogo ambamo farasi huzungushwa kabla ya kila mbio. Hapo ndipo penye uhondo, nami huwaambia watu kwamba anayekosa hapo amekosa nusu ya siku. Utamwona mnyama wa kilo karibu 500 amesimama juu ya miguu myembamba kama ya swara, ngozi inang'aa kama samani iliyopakwa vanishi, mshipa unapiga shingoni. Farasi hawa wa mbio ni ukoo mmoja duniani kote. Ukiwafuata kwa upande wa baba utafika kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki katika karne ya 17 na ya 18, na mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, akafikishwa Uingereza 1704.

Mtazame pia yule anayemwongoza kwa kamba. Huyo ndiye saisi. Tajiri amemnunua farasi, mkufunzi amempangia mazoezi, joki atampanda kwa dakika mbili na kupigwa picha. Lakini aliyeamka usiku wa manane farasi alipoumwa na tumbo ni saisi. Anajua kama leo mnyama amekula vizuri. Anajua kama mguu wa kushoto ulikuwa na joto juzi. Watu wenye kofia kubwa humpita wakienda kumtafuta mtaalamu wa kuwaambia nani atashinda. Mimi sijawahi kuelewa kwa nini. Mbio zikianza, msahau joki kidogo umtazame saisi alivyoegemea uzio, ngumi zimekunjwa, midomo inataja jina.

Jambo jingine la kuwaeleza watoto ni uzito. Utamwona joki akipimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, na baada ya mbio akarudi kupimwa tena. Katika mbio nyingi farasi aliyezoea kushinda hubebeshwa uzito zaidi, wakati mwingine kwa vipande vya risasi vinavyotiwa mfukoni mwa tandiko, ili dhaifu naye apate nafasi. Binti yangu alipoelezwa hivyo aliuliza kwa nini shuleni mwao mtoto wa kwanza darasani habebeshwi mawe. Sikuwa na jibu la haraka.

Na mwanafunzi wa kike asikubali kuambiwa kwamba haya ni mambo ya wanaume. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, alikuwa anafunza farasi wa mbio kabla hajatimiza miaka 20, na farasi wake walishinda hapa nchini kwa miongo mingi. Mnamo 1936 alirusha ndege peke yake kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, akaangukia Kanada mzima. Uzeeni alirudi kuishi karibu na uwanja wa Ngong, na alifariki dunia mjini Nairobi 1986.

Nimezungukazunguka, lakini najua mama mmoja anayesoma ukurasa huu anasubiri nifike kwenye pesa. Haya.

Dau la farasi kwa mfumo wa toti linafanya kazi hivi. Pesa zote zilizowekwa kwa mbio moja hukusanywa kapuni. Wenye uwanja na serikali huondoa fungu lao kwanza. Kinachobaki hugawiwa waliomchagua mshindi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kapuni mna shilingi 10,000 na fungu linaloondolewa ni moja kwa tano. Zinabaki 8,000. Kama shilingi 4,000 ziliwekwa juu ya farasi aliyeshinda, kila shilingi inarudi na mwenzake, basi. Kama ni 400 tu zilizowekwa juu yake, kila shilingi inarudi na kuwa 20. Kwa hiyo farasi anayependwa na wote hulipa kidogo, na yule aliyedharauliwa hulipa sana kwa sababu kwa kawaida hashindi.

Endelea na hesabu hiyo hiyo. Chukua kundi zima la watu waliokuja na shilingi 1,000 na kuzizungusha zote mbio baada ya mbio. Baada ya mbio ya kwanza kundi lina 800. Baada ya pili, 640. Ikifika ya nane, kundi lote limebaki na shilingi 168. Mmoja wao huenda anacheka, ni kweli, na ndiye utakayemsikia akisimulia kwenye matatu. Wengine wako kimya. Bandu bandu huisha gogo, na hapa shoka halijaibiwa wala hakuna aliyedanganywa. Ndivyo kapu lilivyotengenezwa.

Nilikuwa na jirani zamani, mtu mpole, fundi mzuri, asiyekunywa pombe. Jumapili moja alimchukua mkewe na watoto wawili kwenda kutazama farasi, wote wamependeza, wametupita kibarazani tukawapigia makofi. Mfukoni alikuwa na salio la karo ya yule mkubwa, alilokusudia kulipa asubuhi yake, na hakutaka kuliacha nyumbani kwa sababu ya wezi. Mbio ya kwanza aliweka shilingi chache za kujifurahisha, akashinda. Hilo ndilo lililomponza. Kufikia mbio ya tano alikuwa harudi tena kwenye mkeka. Alitoka dirisha la dau akaenda uzioni, akatoka uzioni akarudi dirishani. Kabla ya ya mwisho alimjia mkewe akamwomba nauli. "Nikopeshe tu, huyu wa sasa hawezi kushindwa."

Mama yule nauli alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso tangu asubuhi. Hakugombana naye mbele ya watu. Aliwashika watoto mikono, akatoka nao langoni, wakapanda gari. Mwanamume alirudi kwa miguu mpaka Kawangware, akaingia mtaani giza limeshika, na tukawa tayari tumeshajua, kwani mtoto mdogo alikwisha kutangaza kwa kila aliyemkuta kwamba baba amebaki kumngoja farasi. Watu walicheka. Lakini wiki iliyofuata yule mkubwa alirudishwa nyumbani na begi lake, akakaa wiki tatu akitutazama watu wazima tukienda kazini. Hapo hapakuwa na wa kucheka.

Kwa hiyo mimi nina kanuni, na wale wanaonijua huniona bahili. Pesa za dau huhesabiwa nyumbani, mezani, mke na mume wakiwa wote wawili. Zinatiwa kwenye bahasha. Ziwe kiasi ambacho ungelipa kuingia sinema na usidai chochote ukitoka. Bahasha ikiisha, umelipia kiingilio chako cha kupiga kelele. Ukishinda, ulichoshinda hakirudi dirishani. Kinakwenda kununua kuku. Nauli, karo na kodi ya nyumba havivuki lango, na wa kushika nauli ni yule ambaye hana habari na farasi. Katika nyumba nyingi huyo ni mama, ingawa ninaifahamu nyumba moja ambamo ni baba.

Wanafunzi mtasema mzee huyu amechelewa, siku hizi dau liko kwenye simu. Ndilo linalonitisha. Ngong ina jambo moja jema: mbio ya nane ikiisha, dirisha linafungwa na mnaambiwa nendeni nyumbani. Simu haifungwi. Inakuamsha saa nane za usiku kukuuliza kama ungependa kujaribu timu ya nchi ambayo huwezi kuionyesha kwenye ramani, na pesa yenyewe huioni ikitoka mkononi, ni tarakimu tu inayopungua. Heri yule jirani yangu aliyelazimika kutembea hadi Kawangware. Njia ndefu humpa mtu nafasi ya kufikiri. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi na sheria kuweka dau lolote, liwe la farasi au la simu, na mzazi anayemtuma mtoto dirishani "kwa bahati" ajue anachomfundisha.

Mkinihukumu kwamba nimewaharibia siku, nitawaambia siku nzuri kabisa ya namna hii niliiona mahali ambapo hakuna dirisha la dau lililo rasmi wala farasi hata mmoja. Ni Lamu, wakati wa Maulidi, kwenye mbio za punda. Farasi hakuwahi kushika mizizi huku kwetu mabondeni, kwa sababu mbung'o na maradhi mengine yanayoenezwa na visubi humwua. Akapata makao katika nyanda za juu zenye baridi. Lamu wakabaki na punda wao. Siku ya mbio vijana hupanda bila tandiko, wanapita ukingoni mwa bahari, punda mmoja anageuka katikati ya njia kurudi kwao, na umati uliovaa kanzu zilizopigwa pasi, buibui na kofia za vito unapiga vigelegele. Wamependeza kuliko watu wa Ngong na hawakuulizwa na mtu inchi za kofia.

Basi kama umeamua kwenda, kwanza hakikisha katika gazeti kwamba siku hiyo kuna mbio, kwani si kila Jumapili, na kuna majuma ya mapumziko katikati ya mwaka. Nenda kanisani kwanza kama ni desturi yako; mbio huanza mchana. Magari ya Ngong, yale ya namba 111, hupita mbele ya lango. Ndani kuna vyakula vya kununua, ila vina bei ya mahali penye kofia, hivyo ukiruhusiwa kuingia na kikapu, beba chapati na chai kwenye chupa. Watoto waweke mbali na miguu ya nyuma ya farasi wowote, hata wale wadogo wa kupandishia watoto. Na mbio ya mwisho usiitazame kutoka jukwaani. Shuka na watoto mpaka kwenye uzio karibu na mstari wa kumalizia, mbebe mdogo mabegani, mnyamaze. Kwato utazisikia kwanza kwenye nyayo zako, kabla hazijafika masikioni.